Eliya chini ya mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Juma hili tunasema juu ya jambo ambalo wengi wanalificha hata kwa mchungaji wao: huzuni nzito isiyoondoka, ile ambayo waganga wa hospitali wanaita depresio. Mtu halali usiku, ama analala mchana kutwa. Chakula hakina ladha. Anakuja ibadani, anapiga makofi pamoja na wengine, lakini ndani ni giza, na anajiona hafai kitu. Hii si huzuni ya siku moja. Waganga wanaitambua inapokaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Na tangu vita vilipoufikia mji wetu Februari 2025, wako wengi kati yetu waliopoteza mtu, kazi, nyumba, au vyote pamoja.

Tumtazame Eliya. Alikuwa ametoka Karmeli. Moto ulikuwa umeshuka, manabii wa Baali wameshindwa mbele ya watu wote. Kisha Yezebeli akamtumia neno la kumwua, naye akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amtoe roho. Huyu hakuwa mtu wa imani ndogo. Kwa hiyo anayesema kwamba Mkristo aliyejazwa Roho hawezi kushikwa na huzuni ya namna hii, arudi asome sura hii tena.

Mungu alimfanyia nini mtumishi wake? Hakumkemea. Hakumwambia ana pepo. Kwanza alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Mwili ulikuwa umechoka, Mungu akauhudumia mwili. Kisha, huko Horebu, alimwuliza swali: anafanya nini pale? Eliya akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Na swali likarudi lile lile, na Eliya akajibu maneno yale yale. Mungu alimsikiliza mara ya pili! Wapendwa, ni nani kati yetu anayeweza kumsikia mtu akirudia uchungu wake mara mbili bila kumkatiza kwa aya ya Biblia?

Baada ya kumsikiliza, ndipo Mungu aliponyosha fikira zake. Eliya alisema amebaki peke yake. Mungu akamwambia wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Huzuni nzito inasema uongo wenye sura ya kweli: uko peke yako, kila kitu kimekwisha, ni kosa lako. Uongo huo hautoki kwa kelele. Unatoka pale mtu anaposikilizwa, halafu anasaidiwa kuyapima mawazo yake. Mwisho, Mungu alimpa Eliya kazi ya kufanya na mtu wa kutembea naye, Elisha.

Sasa, kazi ya msaikolojia ni nini? Wengi wanadhani ni mambo ya Wazungu. Lakini inafanana sana na hii tuliyoisoma: kuuliza, kusikiliza, kupima mawazo, na kurudisha mtu kidogo kidogo katika kazi na watu. Na imejaribiwa hapa kwetu. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya Kivu pamoja na wanawake 405 waliopatwa na ukatili wa kingono au walioushuhudia. Wengine walipata mtu wa kuwategemeza mmoja mmoja. Wengine walikutana katika vikundi kwa mikutano michache tu, wakajifunza kuuliza: hili ninalosema juu yangu, ni kweli, ama ni jeraha linasema? Waliowaongoza hawakuwa madaktari wakubwa, walikuwa wasaidizi Wakongomani waliofundishwa. Baada ya miezi 6, katika vikundi vile, wanawake 9 kwa 100 ndio waliobaki na dalili za depresio au hofu nzito. Kwa wale wengine walikuwa 42 kwa 100. Tumshukuru Mungu kwa maarifa hayo. Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekote, aliianzisha mwaka 1999 chini ya CEPAC, nayo inatunza roho iliyojeruhiwa pamoja na mwili. Na SOSAME, kituo cha ndugu zetu Wakatoliki, kinapokea wagonjwa wa akili hapa hapa Bukavu.

Lakini tuseme kuna mama wa Cimpunda. Hana pesa ya moto mpaka Panzi, na anaogopa kuonekana mlangoni mwa SOSAME, watu wasije wakasema ana wazimu. Je, anaweza kutunzwa kwa telefone, na mtu aliye mbali? Inawezekana. Watu wa Iraki, nchi iliyochomwa na vita kama yetu, waliandika habari za majeraha yao kwa intaneti, mara mbili kila juma kwa majuma matano, wakijibiwa na wasaikolojia wanaosema lugha yao, Kiarabu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015, na wengi walipata nafuu kubwa.

Mtume Paulo alijua kuchunga kutoka mbali. Wathesalonike walikuwa katika dhiki, naye hakuweza kufika. Akawaandikia. Lakini barua haikuwa peke yake: alimtuma Timotheo akawatie nguvu (1 Wathesalonike 3). Telefone ni barua yetu. Bado mgonjwa anahitaji Timotheo, mtu wa kukaa naye, kumpelekea uji, kumsindikiza.

Kwa hiyo tunashauri haya.

Ukitaka kusaidiwa kwa telefone, uliza kwanza: wewe ni nani, ulisomea wapi, unafanya kazi na hospitali gani? Anayedai pesa akuondolee laana kwa WhatsApp si msaikolojia, wala si mtumishi wa Mungu.

Tafuta mahali ambapo watu wa nyumba hawasikii, na ufute ujumbe kama telefone ni ya watu wote. Kusema kwa sauti bila picha kunakula mega kidogo. Mpatane mapema mtafanya nini rezo ikikatika, usije ukadhani umetupwa.

Kama umepewa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa. Luka alikuwa mganga na alitembea na Paulo. Maombi na dawa havipigani.

Viongozi wa vyumba vya maombi, siri ya mgonjwa isigeuzwe ombi la hadhara. Mtu akisikia habari zake zinatajwa mbele ya watu, hatafungua kinywa tena. Kila selula ichague baba mmoja na mama mmoja wanaojua kunyamaza, wawe akina Timotheo.

Na mtu akisema anataka kufa, msimwambie anatenda dhambi halafu mkaenda. Muulizeni wazi, msimwache peke yake, ondoeni sumu na dawa za panya karibu naye, mpelekeni kituo cha afya au SOSAME siku ile ile, hata usiku. Hapo telefone haitoshi. Eliya aliomba kufa, na malaika alikuja karibu akamgusa.

Wewe unayesoma haya chini ya mretemu wako, safari hii ni kubwa kwako, lakini hukuachwa. Sema na mtu mmoja leo.

Tuombe. Baba, uliyemlisha Eliya kabla ya kumwuliza neno, walishe waliochoka katika mji huu. Wape usingizi. Wape mtu wa kuwasikiliza, awe karibu ama mbali. Na utufundishe sisi kanisa lako kunyamaza na kusikia. Kwa jina la Yesu. Amina.