Kopo la Sentimita Saba

(Muziki wa kufungua, sekunde kumi na tano, unashuka chini ya sauti.)

Salamu kwenu mlio nyumbani, mlio kwenye foleni ya maji, na ninyi wa vikundi vya kusikiliza mliokaa chini ya mti na nakala hii mkononi.

Leo nazungumza juu ya glasi. Si ya kunywea. Ni ile glasi ambayo mama anaigeuza mdomo chini anapokata kabalagala: anabonyeza, anazungusha kidogo, duara linatoka. Nitaanza na aibu ya nyumbani kwetu. Nimemwomba mama ruhusa, na amekubali, ila amesema nisitaje jina lake hewani.

Kwa wale waliofika juzi kutoka Kongo na bado hawajaizoea, kabalagala ni kitafunio cha Uganda. Unachukua zile ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, unaziponda bila maji, unatia unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge liache kushika mkono. Soda ya kuokea kidogo, na pilipili kwa anayeipenda. Haihitaji sukari. Si kama bitumbura vyetu, ambavyo donge lake ni laini na unalichota kwa mkono kulitupa kwenye mafuta. Donge la kabalagala ni gumu. Unalisukuma kwa chupa juu ya kibao, unakata maduara, unakaanga. Na muhogo uwe ule mtamu, au uliolowekwa na kukaushwa vizuri. Mwezi wa tisa mwaka 2017, kule Kasese, unga wa muhogo wenye sumu uliwaumiza watu 98, na wawili wakafa. Kama hujui unga umetoka wapi, usiuchukue hata ukiuzwa rahisi.

Basi. Mama alianza biashara hii kwa sababu ile ile iliyowaanzishia wengi wenu. Aprili 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, Februari 2021 ukashuka mpaka asilimia 60 ya ule wa kwanza, na tangu hapo kila nyumba inajua inavyohesabu. Mama alikuwa anapata kabalagala 100 kwa siku. Mimi nilizibeba kwenye beseni mpaka karibu na shule, nikauza shilingi 100 kila moja. Beseni likiisha, shilingi 10,000. Unga, ndizi, mafuta na mkaa vilichukua 7,000. Zinabaki 3,000. Hapo ndipo palitoka chumvi, sabuni, na 1,000 ya likelemba.

Halafu glasi ikavunjika. Jirani yetu, mwenye moyo mzuri, akatupa nyingine. Hakuna aliyeiwaza tena.

Wiki hiyo hiyo nikaanza kurudi na 7,600. Mama akazihesabu, akanyamaza. Kesho yake 7,600 tena. Siku ya nne akaniuliza, “Mwanangu, pesa inakwenda wapi?”

Nikamwambia, “Mama, nimeuza zote.”

“Beseni nimelijaza mwenyewe.”

Na kweli beseni lilikuwa limejaa, vile vile kama zamani. Hilo ndilo lililotuumiza. Donge lilikuwa lile lile, kilo zile zile, beseni lile lile. Ningehesabu tu vipande mbele yake asubuhi, ugomvi ungeisha. Lakini nilikasirika. Mtu akikuita mwizi ndani ya nyumba yenu, hesabu inatoka kichwani. Nikasusa. Mama akamtuma mdogo wangu, naye akarudi na 7,600, basi mama akasema mimi nimemfundisha.

Kwa muda wa wiki sita faida yetu ilikuwa shilingi 600 kwa siku. Likelemba ikatushinda. Mama akakosa zamu yake ya kupokea, zamu aliyoisubiri tangu mwanzo wa mwaka, na mimi na yeye tukawa tunasalimiana tu.

(Muziki mfupi.)

Ndipo dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mbale, akajifungua, nikatumwa kwenda kumsaidia. Njia mnaijua: basi mpaka Kampala, halafu unavuka Nile pale Jinja. Pale vijana wa chapati wamejaa kando ya barabara, na watu wengi husema rolex ilianzia kwa Wasoga, huko huko. Nilimtazama mmoja wakati gari limesimama. Yeye hakati duara. Anapima kwenye donge: anakata vipande, anavifinyanga kama mayai, kila yai sawa na mwenzake, ndipo anasukuma. Kipimo chake kiko mkononi kabla ya duara kuwepo. Nikaona ni kitu kidogo, nikakisahau.

Dada anakaa Namatala, ile sehemu ya Mbale yenye vyumba vilivyobanana kando ya mto unaoitwa jina hilo hilo, na ukiinua macho unaona mlima Wanale umesimama juu ya mji. Ni mahali pa kila kabila: Wagisu, Waiteso, Wakaramojong, na wengine ambao sikuweza kuwajua. Kiswahili kinakufikisha. Ndizi zinashuka kutoka miteremko ya mlima Elgon. Jioni wazee wanazunguka chungu cha malwa na mirija yao mirefu.

Jirani wa dada ni mama mmoja anayekaanga kabalagala mbele ya mlango wake. Mafuta yake yana makelele, kwa hiyo ukimsalimia unapaza sauti. Nilikuwa nakwenda kumsaidia mtoto akilala, na siku ya kwanza akanipa kibao nikate. Juu ya mlango wake kulikuwa na makopo mawili yamening'inia kwa kamba. Anayatundika juu tangu mto ulipofurika usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, maana maji yalimchukulia vyombo vya chini. Nikachukua kopo lililokuwa karibu, nikakata maduara matatu.

“Mwanangu, weka chini hiyo,” akasema. “Hiyo ni ya mia mbili. Leo tunakata ya mia.”

Nikacheka, nikasema, “Mama, tofauti si kubwa.”

Hakucheka. Akakusanya maduara yangu matatu, akayafinya kuwa donge moja, akalisukuma upya, akakata kwa kopo dogo. Yakatoka sita. Akanitazama tu.

Kopo dogo lilikuwa la nyanya, la gramu 400. Kubwa lilikuwa la maziwa ya unga. Usiku nikaomba rula ya mtoto wa shule. Dogo, sentimita 7 kutoka ukingo mpaka ukingo. Kubwa, sentimita 10. Mimi nimesoma mpaka sekondari, na nilidhani ukitaka duara la unga mara mbili, unahitaji kopo la sentimita 14. Yule mama hakusoma hesabu yangu, lakini alinieleza kwamba alijaribu makopo matano, akihesabu vipande kila mara, mpaka akalipata hilo.

Sasa sikilizeni vizuri, na kama mko na nakala, wekeni kidole hapa. Duara haliongezeki upande mmoja kama kamba. Linaongezeka pande zote. Kwa hiyo unga unaokwenda unafuata kipimo kikizidishwa kwa chenyewe. Saba mara saba ni 49. Kumi mara kumi ni 100, yaani mara mbili ya 49 na kidogo zaidi. Nane mara nane je? Ni 64.

Nilikuwa nimelala juu ya mkeka, mtoto wa dada analia, nami nikafika kwenye hiyo nane nikakaa kitako. Nikakumbuka glasi ya jirani.

Niliporudi nyumbani sikusema neno. Ile glasi iliyovunjika ilikuwa na pacha wake, ndiyo baba hunywea dawa. Nikaweka rula juu yake: sentimita 7. Nikaweka juu ya glasi ya jirani: sentimita 8. Donge linalotoa maduara 100 ya sentimita 7, ukilisukuma kwa unene ule ule, linatoa 76 ya sentimita 8. Sabini na sita mara mia ni 7,600. Nikamwita mama, nikamwonyesha kwa donge, si kwa karatasi. Tulikata nusu kwa glasi hii na nusu kwa ile. Akahesabu mwenyewe, kwa sauti, hamsini upande mmoja, thelathini na nane upande wa pili.

Hakusema pole. Mama zetu mnawajua. Alichinja kuku.

(Muziki mfupi.)

Sasa mambo ya kazi, maana wengine mmeshika kalamu.

Glasi inakata, lakini ina tabu mbili. Mdomo wake ni butu, na ni chombo kilichozibwa upande mmoja, kwa hiyo hewa inabanwa ndani na duara linang'ang'ania humo. Kopo lililofunguliwa juu na chini halina shida hiyo: hewa inapita, na duara likikwama unalisukuma kwa kidole. Chagua kopo lililokuwa na chakula. La rangi au la dawa ya wadudu usiliguse, hata ulioshe mara kumi. Ukingo usugue kwenye jiwe lenye maji mpaka usikwaruze, kisha ukunje kidogo kwa kisu upande ule utakaoushika, usije ukajikata. Kabla ya kila duara chovya kwenye unga mkavu. Ukimaliza likaushe karibu na sigiri, maana likishika kutu litupwe.

Huna rula? Karatasi ile ya kawaida ya ofisini ina upana wa sentimita 21. Ikunje mara tatu sawasawa kwa upana, kila sehemu ni 7. Tafadhali usikunje ile karatasi ya familia yenye picha zenu.

Unene nao ni kipimo. Weka vijiti viwili vya unene mmoja, kushoto na kulia kwa donge, chupa ipite juu yake. Yule mama wa Namatala hana vijiti, ana mkono wa miaka mingi. Sisi tutumie vijiti.

Na jinsi ya kukata. Wengi tunapanga maduara kwa mistari, moja chini ya jingine kama madirisha. Hapo zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya donge inabaki kwenye mapengo. Panga kama sega la nyuki, kila duara likae kwenye bonde la mawili ya juu yake, na mapengo yanashuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Mabaki ya kabalagala unaweza kuyakanda tena bila hasara, maana muhogo haukazi kama ngano. Lakini kila ukikanda tena unatia unga wa kuzuia kushika, donge linakauka, na kipande cha mwisho kinapasuka kwenye mafuta. Wanaokata ngano, kama mandazi ya duara, mabaki yao yapumzike kwanza kama dakika ishirini, vinginevyo yatarudi nyuma kama mpira.

Kuna mama atasema, “Wateja wanapenda kubwa.” Ndiyo, wanapenda. Ukiwa na kubwa na ndogo kwenye beseni moja kwa bei moja, kubwa zinaondoka saa mbili asubuhi, ndogo zinabaki na wewe mpaka jioni, unaziuza tatu kwa mia mbili. Nimeyaona kwa macho yangu. Ukitaka kuwapa kubwa, wape kwa kopo lake na kwa bei yake.

Vikundi vya kusikiliza, kazi ya leo ni hii: kila mmoja alete chombo anachokatia, mkipime pamoja, kisha kila mtu ahesabu vipande vya donge moja. Andikeni, mpeni kiongozi wa kikundi, nitasoma hesabu zenu wiki ijayo. Nyumbani kwetu kopo la sentimita 7 limetundikwa kwenye mti wa paa, na asubuhi mama ananihesabia vipande mkononi, mimi namhesabia pesa jioni. Zamu yake ya likelemba inakuja mwezi ujao.

Baada ya muziki ni ratiba ya maji kwa kila mtaa. Kaeni nasi.

(Muziki unapanda, mwisho.)