Wastani wa Taifa Haupikwi

(Maneno niliyoyasema kwenye mafunzo ya vijana wa chama, Kanda ya Kati. Nimeyaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nianze na namba. Kila mwaka tunasomewa kiwango cha utoshelevu wa chakula nchini, na kwa miaka mingi kimekuwa juu ya asilimia 100. Maana yake nchi imevuna kuliko inavyohitaji kula. Mimi sibishani na namba hiyo. Ruvuma, Rukwa, Njombe na Mbeya wanavuna kweli. Swali langu ni moja tu: mahindi yaliyojaa Songea yanamsaidiaje mama wa Bahi ambaye Januari hana hela ya debe moja? Wastani wa taifa haupikwi, jamani.

Tuangalie hali yetu. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka tunapata kama milimita 500 hadi 600. Na shida siyo uchache peke yake. Mara nyingi mvua hukatika Februari, na ndiyo hapo mahindi yanatoa mbelewele. Yakikosa maji wakati huo, hata mvua ikirudi Machi unabaki na mabua. Mtama na uwele vinavumilia zaidi, ndiyo maana kila kiongozi akija anatuambia tulime mtama. Sawa. Lakini mtama una kwelea kwelea, unahitaji mtu wa kuamia ndege kutwa nzima, na ukishavuna, mnunuzi wake si wa uhakika kama wa mahindi. Mkulima anayepanda mahindi siyo mjinga. Ana hesabu zake.

Sasa sikilizeni njaa inavyotengenezwa. Mavuno yanaingia Mei na Juni. Mkulima ana deni, ana michango ya shule, hana pa kuhifadhi. Anauza wakati uleule ambao kila mtu anauza, bei iko chini, na gunia limejazwa lumbesa. Gunia linapita soko la Kibaigwa, linaondoka. Ikifika Desemba, mkulima yuleyule anarudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu, tena kwa hela ya kibarua. Akienda kulima kibarua kwenye shamba la mwenzake, la kwake linachelewa. Mwaka unaofuata anavuna kidogo zaidi. Hapo hata mvua ikinyesha vizuri, njaa imeshapandwa.

Wazee wa Ugogo wanalijua hili. Ile njaa ya Mtunya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ulikuta vihenge vitupu. Ukame ni kazi ya Mungu. Kihenge kitupu ni kazi ya watu.

Sasa siasa inaingia wapi? Inaingia kwenye taarifa. Mnakumbuka Januari 2017: upinzani ukasema kuna njaa, serikali ikasema hakuna. Wiki zikapita watu wakibishana. Baadaye tathmini ya serikali yenyewe ikaonyesha upungufu katika halmashauri 55. Zile wiki za kubishana zilikuwa wiki za watu kulala na njaa. Na mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikabadilishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga takwimu rasmi. Kelele zikapigwa, ndani na nje, na mwaka 2019 ikalegezwa. Kwa nini mtu aogope namba? Kwa sababu njaa yenye namba inadai majibu.

Mchumi Amartya Sen, aliyeshuhudia njaa ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa mtoto, aliandika kwamba baa kubwa la njaa halitokei kwenye nchi yenye demokrasia inayofanya kazi na vyombo vya habari huru. Hakusema demokrasia inaleta mvua. Alisema mtawala anayeweza kuulizwa na kuondolewa kwa kura atapeleka chakula mapema.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Moja, kila tawi liwe na daftari. Kila siku ya gulio andikeni bei ya debe la mahindi, bei ya debe la mtama, na ujira wa kibarua wa siku. Siku ujira wa siku nzima utakaposhindwa kununua chakula cha nyumba kwa siku hiyo, hapo kuna njaa, hata kama ghala la mkoa limejaa.

Mbili, tudai wazi. Tathmini ya MUCHALI isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya Januari, na akiba iliyopo kwenye maghala ya NFRA ibandikwe ukutani ofisi ya kata. Madiwani wetu walibebe hili kwenye baraza.

Tatu, na hili ni gumu kwetu: tusitangaze njaa pale isipokuwepo. Ukidanganya mara moja ili upate watu mkutanoni, siku njaa ikija kweli hakuna atakayekusikiliza, na atakayeumia si wewe, ni yule mama wa Bahi.

Daftari shilingi mia chache tu, kalamu mnazo. Gulio lijalo tuanze kuandika.