MLINZI WA GHALA ASIJIUZIE NAFAKA



Katika furaha hii ya Jubilei nimeombwa kusema machache juu ya uaminifu wa wakubwa. Nitaanza na ghala ya kijiji, maana hiyo twaijua sote. Watu humchagua mmoja wao, humpa ufunguo, nao huenda shambani pasipo wasiwasi. Je, mtu yule akijiuzia nafaka kwa siri, kwa bei ndogo, kisha akamwuzia mfanya biashara mgeni kwa bei kubwa, tutasemaje? Mlango hakuuvunja, ufunguo alikuwa nao. Lakini watoto wa kijiji watalala njaa.

Jambo la namna hii lilitokea Nigeria, si kwa nafaka, bali kwa mafuta yaliyo chini ya bahari. Mwezi wa Aprili mwaka 1998, katika utawala wa Jenerali Sani Abacha, kitalu kiitwacho OPL 245 kilitolewa kwa kampuni ya Malabu, iliyoandikishwa siku chache tu kabla yake. Waziri wa Mafuta alikuwa Dan Etete. Ada iliyotakiwa ilikuwa dola milioni 20, wala haikulipwa yote. Mwaka 2013 jaji wa Mahakama Kuu huko London alitamka kwamba Etete alikuwa na fungu kubwa katika kampuni ile tangu kuundwa kwake. Basi aliyetoa alikuwa pia miongoni mwa waliopokea.

Mwaka 2011 wakaja wageni wenye nguvu, Shell, na Eni ya Italia, wakalipa dola zipatazo bilioni 1.3 kwa kitalu kile. Sehemu iliyo kubwa haikukaa katika hazina ya taifa; ilipita katika akaunti ya Serikali ikielekea kwa Malabu.

Huko Milano, Italia, mashirika yale na mabwana kadha wa kadha walishitakiwa kwa rushwa. Mwaka 2021 mahakama iliwaachilia wote. Yatupasa kuiheshimu hukumu ile. Lakini angalieni neno hili: mahakama iliulizwa kama rushwa imethibitishwa. Haikuulizwa kama yafaa waziri ajigawie mali aliyokabidhiwa. Swali hilo ni la dhamiri, nalo latuhusu sisi sote.

Mgeni naye hana budi kujiuliza. Anunuaye na ajue anunua kwa nani, na muuzaji alikipataje kitu chake. Wazee walisema, Penye udhia penyeza rupia. Walisema waliyoyaona duniani. Tusiyageuze yakawa amri ya kufuata.

Msidhani mambo haya ni ya mbali. Mafuta yalivumbuliwa Uganda, kando ya Ziwa Albert, mwaka 2006, na Turkana katika Kenya mwaka 2012. Tanganyika na Zanzibar zilipokwisha kuungana, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yo yote. Kanuni ile ililegezwa baadaye, mwaka 1991, lakini maana yake ni njema hata leo: mtu mmoja asikae pande zote mbili za meza.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuulize pasipo matusi wala woga: wenye kampuni ni nani? Mkataba umesomwa wapi? Fedha imeingia hazina gani? Pili, tuanze nyumbani. Mtunza fedha wa chama cha ushirika asimpe ndugu yake kazi ya chama kwa siri. Mwalimu asiuze vitabu vya shule. Mtoto aonaye daftari ya hesabu ikifunguliwa mbele ya watu wote atakua akijua kwamba ufunguo si mali, ni amana.

Waziri wa kesho leo ameketi darasani mwenu, waalimu. Mfundisheni kurudisha chenji.