Kwa Nini Jirani Hushangilia Bao Kabla Yetu



Lalamiko hili tumelisikia mara nyingi: mtu anatazama mpira mubashara kwenye simu, nyumba ya pili wanalipuka kwa shangwe, ilhali kwake mpira ungali katikati ya uwanja. Wengi huulaumu mtandao, kisha hununua kifurushi cha bei kubwa zaidi. Aghalabu fedha hiyo haiondoi tatizo.

Matangazo ya intaneti hayaji mfululizo kama maji ya mto. Mitambo ya mtoa huduma huyakata vipande vipande, na simu hukusanya vipande kadhaa kwenye bafa, yaani akiba, kabla ya kuonyesha picha ya kwanza. Katika mfumo wa HLS, uliotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2009, kipande kilipendekezwa kiwe cha sekunde 10. Baadaye ushauri ukawa sekunde 6. Programu ikisubiri vipande 3, mtazamaji amekwisha kubaki nyuma ya uwanja kwa sekunde 18 hadi 30, mbali na muda wa kuandaa na kusafirisha picha. Mtandao wenye kasi huijaza akiba hiyo upesi na kuzuia picha kugandaganda; hauifuti.

Wala hatusemi akiba ni kosa. Ni mfano wa pipa la maji uani: bomba likikatika kwa muda mfupi, wenye nyumba hawaoni kiu. Pipa likiwa dogo, picha huwahi, lakini mtandao ukiyumba kidogo tu utabaki ukitazama kiduara kinachozunguka. Kwa mtazamaji wa filamu, kuchelewa si hoja.

Penye hasara ni hapa. Anayebashiri matokeo mchezo ukiendelea, huku akitegemea picha ya simu, huweka fedha yake juu ya jambo ambalo huenda limekwisha kutokea, nayo kampuni ya ubashiri kwa kawaida hupata taarifa za uwanjani mapema kuliko yeye. Tunawasihi msifanye hivyo. Tena, kilichokwisha kupakuliwa kwenye akiba hukatwa katika kifurushi, hata ukifunga programu bila kukitazama.

Picha ikiganda kisha ikarejea, programu nyingi huendelea pale zilipokomea, na uchelewaji huongezeka kimyakimya. Bonyeza alama ya mubashara iliyo kwenye kioo, urudishwe kwenye kipande kipya kabisa, kabla hujafikiria kununua kifurushi kingine.