Waandishi wa Kigeni kwenye Meza za Vitabu Kigali



Nimeombwa nizungumzie ushiriki wa waandishi wa kigeni katika maonesho ya vitabu hapa Kigali. Nitaanzia mwaka 1998, maana mengi tunayobishania leo yalionekana wakati ule.

Mwaka huo Nocky Djedanoum, mwandishi wa Chad aliyekuwa akiendesha tamasha la Fest'Africa mjini Lille, Ufaransa, aliwaleta Rwanda waandishi wa Kiafrika wapatao kumi. Walikaa majuma kadhaa, wakazuru maeneo ya kumbukumbu ya Nyamata, Ntarama na Murambi, wakawasikiliza manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Walikuwemo Boubacar Boris Diop wa Senegal, Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire, Tierno Monénembo wa Guinea, Abdourahman Waberi wa Djibouti, Monique Ilboudo wa Burkina Faso, na Meja Mwangi wa Kenya aliyejikuta kati ya watu wanaoandika kwa Kifaransa. Mwaka 2000 vitabu vyao vikawasilishwa Kigali na Butare.

Tukio lile husifiwa kwa vitabu lilivyozaa, na ni haki yake. Mimi nauliza vilimfikia nani. Riwaya ya Diop kuhusu Murambi ilitolewa na Stock, ya Monénembo na Seuil, wote wachapishaji wa Paris. Kitabu cha Paris hupanda ndege, na kikishafika dukani mjini hapa bei yake humshinda mwalimu wa sekondari. Kwa hiyo manusura aliyeketi akasimulia hadi sauti ikamkauka, akitaka kujua mgeni kaandika nini, ilimbidi ajue Kifaransa na awe na fedha ya kigeni mfukoni.

Koulsy Lamko, Mchad mwingine katika kundi lile, alifanya tofauti: alibaki. Alianzisha kituo cha sanaa na tamthilia katika Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare. Riwaya yake, La phalène des collines, ilitoka kwanza humu humu Rwanda mwaka 2000, ndipo Paris ikaichapisha miaka miwili baadaye. Diop naye amesema waziwazi kwamba yale aliyoyaona Rwanda ndiyo yaliyomsukuma kuandika kwa Kiwolof, na mwaka 2003 akatoa Doomi Golo. Wasomaji wa Senegal walifaidi. Simlaumu, ila hesabu yetu wenyeji ilibaki pale pale.

Siku hizi mambo yamechanganyika zaidi. Mwandishi Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura na kukulia Ufaransa, anaishi Kigali. Je, ni mgeni au mwenyeji? Kwa kamati ya maandalizi swali hili ni la bajeti: imwekee hoteli, au imwambie apande teksi ya pikipiki kama sisi wengine? Kuna pia Wakenya, Waganda na Wakongo wanaofundisha au kufanya kazi hapa na kuandika usiku. Hao hatuwakumbuki mpaka siku ya ufunguzi, wanapohitajika kujaza viti vya jukwaani. Nadhani tumekosea kuwapima waandishi kwa umaarufu. Mkazi akizungumza na wanafunzi leo, anaweza kurudi shuleni kwao Jumanne ijayo. Aliyeletwa na ndege hawezi.

Tena Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Mwandishi wa Kiswahili akienda mtaa wa Nyamirambo hapa Kigali hahitaji mkalimani, lakini akitaka kuuza kitabu chake anakuta meza zimegawanywa kati ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Suala la bei lina dawa, na imeshajaribiwa. Kitabu cha Tadjo kuhusu Rwanda, L'ombre d'Imana, kilitolewa upya mwaka 2005 na wachapishaji wa nchi kadhaa za Afrika walioungana ili kishuke bei. Hapa Kigali tunao Bakame, wanaochapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda tangu 1995, na Huza Press iliyoanzishwa 2015. Wanaoweza kuchapisha wapo.

Basi napendekeza fomu ya mwaliko iongezwe swali moja: haki za kuchapisha kitabu hiki Rwanda anazo nani? Jibu likiwa ni mchapishaji wa ng'ambo, barua ya kuomba toleo la hapa itangulie, tiketi ya ndege ifuate.