Uvumilivu Si Dawa

Msikilizaji, tangazo la Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, umeshalisikia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililokuwa kwenye dawa za homoni za wanawake waliokoma hedhi tangu 2003. Wapo walioshangilia. Wapo wataalamu waliolalamika kwamba uamuzi haukupitia kamati rasmi ya washauri. Wacha wabishane. Wasiwasi wetu uko kwa mama wa hapa Gaithersburg, Maryland, anayeamka usiku wa manane, shuka limelowa jasho, na alfajiri anatakiwa zamu. Akimweleza dada yake, jibu ni lile lile: vumilia, ndio utu uzima.

Tulishasema na tunarudia: uvumilivu si dawa.

Ovari ni tezi. Tangu ubinti zinamwaga estrojeni kwenye damu, na damu inaifikisha kwenye mifupa, kwenye mishipa, kwenye ngozi, hata kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Umri ukifika, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, ovari zinapunguza kazi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inazidi kuzihimiza kwa homoni yake ya FSH, lakini haziitiki. Ubongo uliozoea estrojeni unaanza kuliona joto dogo kuwa kali, unafungulia jasho. Mifupa nayo inadhoofika polepole. Mama huyo hajarogwa wala hadeki. Tezi zake zimebadilika. Na bado anaambiwa avumilie!

Dawa za homoni zinarudisha estrojeni hiyo, lakini zinaogopwa, na hofu hiyo ilianzia kwa jirani zetu wa Bethesda. Mwaka 2002, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, NIH, ilisimamisha jaribio la wanawake 16,608, baadhi yao wakitumia estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini. Waliotumia walipata saratani ya matiti zaidi: wagonjwa 8 wa ziada kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Sasa FDA inashauri kuanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Hatari haijafutwa. Onyo la saratani ya mfuko wa uzazi linabaki kwa estrojeni inayotumiwa peke yake. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu asiguse dawa hizi kabla ya kuonana na daktari wake.

Na nani anavumilia kuliko wote? Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN ulionyesha kwamba kwa wanawake Wamarekani Weusi, hali hii ya joto la ghafla na jasho ilidumu kwa kawaida miaka 10, muda mrefu kuliko kwa wengine wote waliochunguzwa. Miaka 10 ya kuambiwa vumilia!

Hapa hapa Gaithersburg, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia, NIST, inaandaa seramu ya damu ya binadamu, iliyogandishwa, yenye kiasi cha homoni kinachojulikana barabara, ili maabara zihakiki vipimo vyao. Homoni zinapimwa kwa uangalifu wa namna hiyo mjini kwetu, na mama wa mjini kwetu hajaulizwa hata mara moja usingizi wake ukoje.

Basi, mama, usinunue vidonge vya kuletewa kwenye mfuko wa mgeni aliyetoka safari. Usimeze dawa ya shoga yako. Andika kwenye karatasi: hedhi ya mwisho lini, jasho mara ngapi, nani katika ukoo aliugua saratani. Mpelekee daktari karatasi hiyo. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani, ni haki yako. Daktari akisema ni umri tu, muulize tena. Nanyi akina baba, mpelekeni mama kliniki, msimcheke. Mashehe na wachungaji, lisemeni hili bila haya. Imetosha kuvumilia. Pigeni simu kliniki wiki hii!