Mchezo Mmoja au Michezo Mingi? Malezi ya Kipaji cha Mwanafunzi wa Sekondari

Mazungumzo kwa wazazi, walezi, walimu na wakazi wa kata



Kila mwaka, majuma machache kabla ya mashindano ya UMISSETA, viwanja vya shule za sekondari hushuhudia mambo yale yale. Msichana wa kidato cha pili aliyejaaliwa mbio na kimo huitwa alfajiri kwenye mazoezi ya mita 400, mchana huhitajika kwenye netiboli, na jioni mwalimu wa mpira wa wavu humwomba akamilishe timu. Katika shule hiyo hiyo yupo mvulana wa rika lake ambaye tangu darasa la tano hajagusa mpira mwingine ila wa miguu, kwa kuwa nyumbani kwao imekwisha kuamuliwa kwamba huyo ni mchezaji wa ligi kuu. Na kando ya uwanja wameketi wanafunzi mia kadhaa, wakitazama.

Hali hizo tatu ndizo zinazozaa swali ambalo wazazi wengi huliuliza: je, mwanafunzi wa sekondari ashike mchezo mmoja au acheze mingi? Jibu linaloelekea kukubalika na wataalamu wa afya ya vijana ni kwamba acheze mingi hadi afike umri wa miaka 15 au 16, kisha achague. Lakini jibu hilo lina sharti ambalo mara nyingi husahaulika: michezo hiyo ifuatane kwa majira; isirundikwe katika juma moja juu ya mabega ya mtoto mmoja.

Wanaopendelea mchezo mmoja wana hoja, na hoja yao isipuuzwe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; wakasema pia mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwamba ustadi huzaliwa na marudio, na kwamba ipo michezo michache, kama vile jimnastiki, ambayo wachezaji wake hufikia kilele wakiwa wadogo na hivyo huanza mapema. Lakini michezo inayochezwa katika shule za sekondari za wilaya nyingi nchini si ya namna hiyo. Soka, netiboli, mpira wa kikapu, mpira wa wavu, mpira wa mikono na mbio ndefu ni michezo ambayo mchezaji hukomaa baada ya kuvuka miaka 20. Alphonce Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 33. Aliye na miaka 14 leo hajachelewa. Na hata huyo samaki mbichi, akikunjwa mahali pale pale kila siku, hukatika.

Kukatika huko kuna maelezo ya kitabibu. Mfupa wa kijana hurefukia katika sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo hubaki laini mpaka ukuaji ukome. Katika miaka ya kubalehe mifupa hurefuka haraka, huku misuli na kano zikichelewa kuifuata, hivyo kano huvuta kwa nguvu pale zinaposhikana na mfupa. Ndiyo maana vijana wengi wanaokimbia na kuruka sana hulalamikia maumivu chini kidogo ya pia ya goti, au kwenye kisigino. Anayerudia mwendo mmoja mwaka mzima huilemea sehemu ile ile bila kuipa nafasi ya kupona. Katika netiboli, kwa mfano, sheria hairuhusu kukimbia na mpira mkononi. Mchezaji huruka, hudaka, hutua na kusimama ghafla, na kila kutua ni mzigo juu ya goti. Msichana anayefanya hivyo miezi michache, kisha akahamia mbio au mpira wa wavu, hulipa goti lake muda wa kupumua na hujifunza kutua kwa namna nyingine.

Mwaka 2016, Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Kilishauri kuchelewesha uchaguzi wa mchezo mmoja hadi baada ya kubalehe, yaani umri wa miaka 15 au 16 hivi. Kilishauri pia kijana apumzike walau siku moja hadi mbili kila juma, na kwamba katika mwaka apate jumla ya miezi mitatu mbali na mchezo wake mkuu, akiigawa mwezi mmoja mmoja. Mapumziko hayo hayamaanishi kulala kitandani. Anaweza kucheza mchezo mwingine. Shabaha ya ushauri huo ilikuwa kupunguza majeraha yatokanayo na kutumia kiungo kimoja kupita kiasi, pamoja na ile hali ya kijana kuuchoka mchezo alioupenda na kuuacha kabisa.

Historia ya michezo nayo ina mifano. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos nchini Nigeria, alikulia kwenye soka na mpira wa mikono. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wapya wa ligi ya NBA ya Marekani, na miaka ya 1994 na 1995 aliiongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa. Wepesi wa miguu yake uliosifiwa mno ulitokana na viwanja alivyopitia kabla ya kikapu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, naye aliuanza mpira wa kikapu akiwa tayari kijana wa sekondari. Mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, akichaguliwa wa pili. Hata Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, hakufungwa na umbali huo; katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji.

Mifano ya mabingwa, hata hivyo, haitoshi kuwa ushahidi. Wapo mabingwa walioshika mchezo mmoja tangu utotoni, na wapo wengi waliocheza michezo minne bila kufika popote. Hoja yenye uzito zaidi inawahusu wale ambao hawatakuwa mabingwa, nao ndio karibu wanafunzi wote. Mwanafunzi aliyejifunza michezo mitatu, goti lake likiumia na soka ikamkataa, bado ana mahali pa kwenda. Aliyefundishwa kwamba yeye ni mpira wa miguu tu, siku hiyo hupoteza mchezo, marafiki, na mara nyingine hata hamu ya kwenda shule.

Hapa ndipo linapokuja lile sharti. Msichana aliyetajwa mwanzoni anacheza michezo mitatu, lakini hanufaiki na ushauri huo wa madaktari. Anatumikia timu tatu kwa wakati mmoja, na kila mwalimu huhesabu saa zake mwenyewe bila kujua za mwenzake. Wataalamu wa tiba ya michezo hutumia kipimo rahisi: saa za mazoezi na mashindano kwa juma zisizidi umri wa kijana kwa miaka. Mwenye miaka 14 asivuke saa 14. Kwa mazingira ya vijijini kipimo hicho kinahitaji busara ya ziada, kwa kuwa kijana anayetembea kilomita tano kwenda shule na tano kurudi, kisha akateka maji na kushika jembe, amekwisha kuutumia mwili wake kabla filimbi haijapulizwa. Lishe nayo ni sehemu ya hesabu. Msichana anayefanya mazoezi makali kwa chakula kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi, na hiyo ni dalili kwamba hata mifupa yake inadhoofika. Apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kungoja avunjike.

Dawa ya kurundika ni kalenda, nayo haihitaji fedha. Mwaka wa masomo unaoanza Januari unaweza kugawanywa hivi. Kati ya Januari na Machi, wanafunzi wote, si wateule tu, washiriki riadha na mpira wa mikono, ambavyo hujenga mbio, kuruka na kurusha. Kuanzia Aprili hadi mashindano ya katikati ya mwaka, kila mwanafunzi awe na mchezo mmoja mkuu, na akihitajika kwenye wa pili, walimu wapunguze mazoezi ya ule wa kwanza. Baada ya mashindano, aliyecheza soka ahamie kikapu au wavu, na aliyecheza netiboli akimbie mbio za nyika. Oktoba na Novemba, mitihani ya kidato cha pili na cha nne inapokaribia, michezo iwe ya kuchangamsha mwili, bila mashindano. Kwa mpango huo hakuna anayeshika mbili kwa pamoja, wala hakuna kinachomponyoka.

Itasemwa kwamba shule nyingi zina uwanja mmoja tu, nao ni wa soka. Vipimo vinasema vingine. Uwanja wa mpira wa wavu una mita 18 kwa 9. Pamoja na nafasi ya pembeni unaingia wote ndani ya eneo la penalti la uwanja wa soka. Uwanja wa mpira wa mikono una mita 40 kwa 20, na magoli yake, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, yanaweza kutengenezwa kwa miti na fundi wa kijijini. Njia za kukimbilia zaweza kuchorwa kwa majivu. Wakazi wanaojitolea nguvukazi siku moja wanaweza kuigeuza kona iliyoota nyasi kuwa mahali pa mchezo wa pili, na wale mia kadhaa walioketi kando wakapata pa kusimama.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Shinikizo la kumfunga kijana kwenye mchezo mmoja mara nyingine hutoka kwa watu wanaojitambulisha kuwa mawakala, wakidai ada ili mtoto wa miaka 14 au 15 asajiliwe na klabu ya nje, na kuhimiza aache shule asije akachelewa. Mzazi na ajue kwamba kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Haraka inayohubiriwa na watu hao haina msingi katika sheria, wala katika ukuaji wa mwili. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mzazi amwone mkuu wa shule na Afisa Michezo wa Wilaya.

Yanayoweza kufanyika tangu muhula huu ni machache na yako wazi. Kila shule imteue mwalimu mmoja wa kutunza daftari la saa za mazoezi kwa kila mwanafunzi anayechezea timu zaidi ya moja, na walimu wengine walitazame kabla ya kumwita. Mzazi aulize maswali manne: mtoto amepumzika siku ngapi juma hili, anaumwa wapi, amekula nini kabla ya mazoezi, na je, bado anaupenda mchezo huo? Maumivu yanayodumu zaidi ya majuma mawili, au yanayomfanya achechemee, yapelekwe kwa mganga. Yasikandwe tu na kufungwa bandeji ili mechi ichezwe. Na mwanafunzi aliyefika kidato cha tatu au cha nne, akiwa amekwisha kuonja michezo kadhaa na moyo wake umeangukia mmoja, aachwe aushike kwa nguvu zote. Hapo ndipo samaki anapokunjwa, na anayemkunja ni kijana mwenyewe.

Mikutano ya wazazi inayofanyika shuleni kila muhula huzungumzia michango, chakula na matokeo ya mitihani. Kalenda ya michezo iongezwe kwenye ajenda hizo, isomwe hadharani, na mzazi mwenye shaka juu ya mzigo wa mtoto wake apewe nafasi ya kusema kabla timu haijaondoka kwenda mashindanoni.